Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Uzito kwa Kuunganisha Lishe na Mazoezi

Chakula na mazoezi havifanyi kazi moja mwilini, ingawa watu wengi huvitumia kana kwamba kimoja kinaweza kuziba pengo la kingine. Chakula ndicho kinachoamua, kwa sehemu kubwa, kama uzito utapungua. Mazoezi huamua kama kitakachopungua ni mafuta au ni misuli, na kama uzito uliopungua utarudi au hautarudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Anayepunguza chakula bila kufanya mazoezi hupungua kweli, lakini hupoteza misuli pamoja na mafuta na hujikuta mwepesi na dhaifu kwa wakati mmoja. Anayefanya mazoezi bila kugusa sahani yake huimarisha moyo na mapafu, jambo jema kabisa, lakini mara nyingi mzani haumwoneshi mabadiliko aliyoyatarajia, naye hukata tamaa akidhani mwili wake una kasoro. Hatua zilizomo humu zinafuata mgawanyo huo wa kazi, na nimezipanga kwa muda, kwa sababu anayeanza yote siku moja kwa kawaida huyaacha yote kabla mwezi haujaisha.

Kinachotunenepesha katika maisha ya sasa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa na unene wa kupindukia. Idadi kubwa namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa uvivu wa mtu mmojammoja. Yaliyobadilika ni mazingira ya kazi na mazingira ya chakula, na anayetaka kudhibiti uzito wake ni lazima ajue anashindana na nini.

Kuhusu kazi, mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva alikaa kitini zamu nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Makondakta waliugua maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliofanya nao kazi kwenye mabasi yaleyale. Kazi nyingi za leo zimekuwa za kukaa kama ile ya dereva, na hata shughuli ndogondogo zilizokuwa zikituinua, kama kwenda kumwona mwenzako wa ofisi ya jirani, zimechukuliwa na ujumbe wa simu. Shughuli hizo si za kudharauliwa: kati ya watu wawili wenye miili inayolingana, tofauti ya nishati inayotumika katika kusimama, kutembeatembea, kufua na kupanda ngazi inaweza kufikia mamia ya kalori kwa siku.

Kuhusu chakula, jaribio lililoongozwa na Kevin Hall katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, lililochapishwa mwaka 2019, liliwaweka watu wazima 20 katika kituo cha utafiti. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani na wiki mbili nyingine vyakula visivyosindikwa, huku milo iliyoandaliwa ikisawazishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mmoja akiruhusiwa kula kadiri alivyotaka. Walipokuwa kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Walipokuwa kwenye vile vingine walipungua karibu kiasi hichohicho. Hakuna aliyewaambia wale zaidi. Kwa hiyo unapojikuta umemaliza pakiti nzima bila kukusudia, tambua kwamba jambo hilo lina sababu nje ya udhaifu wa nia yako, na kwamba njia rahisi kuliko zote ni kutokuwa na pakiti hiyo karibu.

Hatua ya kwanza: Jipime, na ujue kama unahitaji daktari kabla ya kuanza

Kipimo cha BMI hupatikana kwa kugawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 84 na urefu wa mita 1.65 atazidisha 1.65 kwa 1.65 na kupata 2.72, kisha atagawanya 84 kwa 2.72 na kupata takriban 30.9. Kwa watu wazima, kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kipimo hiki hakitofautishi mafuta na misuli, wala hakioneshi mafuta yamekaa wapi, kwa hiyo kiambatanishe na kipimo cha kiuno. Zungusha utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo ndani, halafu soma. Hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda kiuno kinapofika sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na hupanda zaidi kuanzia 88 na 102. Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Mwone daktari kwanza ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, ikiwa unatumia dawa za shinikizo la damu, ikiwa una ugonjwa wa moyo au wa figo, ikiwa hupata maumivu ya kifua au huishiwa pumzi kwa kazi ndogo, au ikiwa umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha. Mjamzito na anayenyonyesha wasijiwekee upungufu wa chakula bila ushauri wa mtaalamu, na mtoto anayekua asipewe mpango wa mtu mzima. Zipo pia dawa zinazoongeza uzito, na yapo maradhi, kama upungufu wa homoni za tezi ya shingo, yanayofanya hivyo. Ukishuku dawa yako, usiiache mwenyewe. Ulizia kama kuna mbadala.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako wa sasa, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu wa mfano wetu. Wengi huliona lengo hilo kuwa dogo, nami naliona kuwa ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote yanayofuata, kwa kuwa ndani yake ndimo shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu huanza kutengemaa. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa katika hatari ya kupata ugonjwa huo waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58 ukilinganishwa na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa, ilhali waliotumia dawa ya metformin walipata punguzo la asilimia 31.

Hatua ya pili: Andika unachokula kwa siku saba bila kubadilisha chochote

Hatua hii huchosha na ndiyo inayorukwa zaidi, lakini bila hiyo utakuwa unapunguza vitu visivyokuwa tatizo lako. Chukua daftari au programu ya simu na uandike kila kinachoingia kinywani, saa, mahali, na kama ulikuwa na njaa ya kweli. Andika palepale, kwa sababu kumbukumbu ya jioni husahau. Vinavyosahaulika zaidi ni mafuta ya kupikia, sukari ya kwenye chai, vipande vya kuonjea wakati wa kupika, masalio ya sahani ya mtoto na vinywaji vinavyonyweka bila kuhesabiwa kuwa chakula.

Mstari mmoja wa daftari unaweza kusomeka hivi: saa nne asubuhi, mezani kazini, vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vidogo vya sukari, sikuwa na njaa. Vijiko sita hivyo vina takriban gramu 24 za sukari, sawa na kalori 96, na vikirudiwa alasiri vinakaribia kalori 200 kwa siku ambazo mhusika hangezitaja hata kidogo kama angeulizwa alikula nini. Baada ya siku saba, soma daftari lote kwa mara moja na uweke alama mahali pawili au patatu ambapo kalori nyingi zimeingia bila njaa wala furaha yoyote ya maana. Hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya tatu: Kokotoa kiasi cha nishati unachohitaji

Mwili hutumia nishati nyingi zaidi katika kujiendesha wenyewe ukiwa umepumzika, yaani moyo, ubongo, ini, figo na joto la mwili; kwa mtu asiye na kazi ya nguvu, sehemu hiyo hufikia asilimia 60 hadi 70 ya matumizi yote. Kanuni inayotumika sana kuikadiria ni ya Mifflin na wenzake, ya mwaka 1990. Zidisha kilo zako kwa 10, ongeza urefu wako wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, kisha toa umri wako uliozidishwa kwa 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161.

Tumchukue mwanamke wa miaka 40, mwenye kilo 84 na sentimita 165, anayefanya kazi ya kukaa. Hesabu yake ni 840 kujumlisha 1,031, kutoa 200, kutoa 161, jibu likiwa 1,510. Kwa kuwa hukaa muda mwingi na kutembea kidogo, azidishe kwa 1.4, apate takriban kalori 2,110 kwa siku. Akitoa 500 atabaki na takriban 1,600. Upungufu wa 500 kwa siku ni 3,500 kwa wiki, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, atapunguza karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Wiki ya kwanza mzani unaweza kushuka zaidi ya hapo, lakini sehemu kubwa ya ushukaji huo ni maji: wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji karibu mara tatu ya uzito wake, na akiba hiyo ikipungua maji nayo hutoka. Usifurahie kupita kiasi wiki hiyo, wala usihuzunike kasi ikipungua wiki ya tatu.

Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa mwanamke au 1,500 kwa mwanamume bila usimamizi wa daktari. Kupungua kwa kasi kubwa huongeza uwezekano wa mawe kwenye kifuko cha nyongo, hula misuli, na huleta njaa ambayo watu wachache sana huweza kuivumilia kwa miezi.

Hesabu hiyohiyo inaonesha kwa nini nimetanguliza chakula. Mwanamke huyu akitembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, nusu saa nzima, atatumia takriban kalori 105 zaidi ya zile ambazo angezitumia akiwa amepumzika. Kopo moja la soda la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari na kalori 140. Kuacha kopo hilo huchukua sekunde moja na hupunguza kalori nyingi kuliko matembezi yale.

Hatua ya nne: Panga sahani upya, kitu kimoja kila wiki

Anza na vinywaji. Kalori za kimiminika hushibisha kidogo sana zikilinganishwa na za chakula cha kutafunwa, kwa hiyo ukiziondoa njaa haiongezeki. Maji, chai na kahawa visivyo na sukari viwe ndivyo vinywaji vya kila siku. Juisi ya matunda, hata ile uliyoikamua mwenyewe, ihesabiwe pamoja na soda, kwa sababu nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye makapi na kilichoingia kwenye glasi ni sukari ya matunda matatu au manne. Kula tunda lenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongezwa, pamoja na zile za asali na juisi, zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mlo wa kalori 1,600, hiyo ni gramu 40, na kopo la soda nililolitaja linakaribia kuimaliza yote. Pombe nayo ina kalori 7 kwa kila gramu, karibu sawa na mafuta yenye 9, na tena hulegeza uamuzi wa mtu mbele ya chakula.

Wiki inayofuata, shughulikia protini. Katika upangaji wa chakula cha kupunguza uzito, hiki ndicho kirutubisho ninachokipa kipaumbele, kwa sababu kinashibisha muda mrefu, kinalinda misuli wakati nishati ni pungufu, na asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake hutumika katika kukimeng'enya chenyewe, ilhali kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, isipokuwa kama una ugonjwa wa figo, ambapo kiasi hupangwa na daktari. Mtu wa mfano wetu anahitaji angalau gramu 100. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, na gramu 100 za samaki au kuku aliyepikwa kati ya 20 na 30. Kosa la kawaida ni kula protini yote katika mlo wa usiku huku asubuhi ikipita kwa mkate na chai peke yake. Igawanye katika milo yote, na utaona kwamba hamu ya kutafunatafuna jioni hupungua yenyewe.

Kisha mboga. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe chakula cha protini, na robo iwe wali, mkate, viazi au chakula kingine cha wanga, ikiwezekana kisichokobolewa. Mboga na jamii ya kunde huleta nyuzinyuzi, ambazo mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku, na hujaza tumbo kwa kalori chache. Lakini mboga iliyoogelea kwenye mafuta haipunguzi chochote. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ya aina yoyote ile, kina takriban kalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye chupa humimina vijiko vitatu au vinne bila mwenye mkono kutambua. Pima kwa kijiko. Badiliko hili pekee, katika nyumba inayopika kila siku, linaweza kuondoa kalori nyingi kuliko kuacha wanga kabisa.

Kuhusu saa za kula, mjadala ni mkubwa kuliko tofauti iliyopo. Kufunga kwa saa kadhaa kila siku huwasaidia baadhi ya watu kwa sababu huwapunguzia nafasi za kula, lakini kalori zikilingana, matokeo hukaribiana na yale ya anayekula milo mitatu. Chagua utaratibu unaoendana na kazi yako na unaoweza kuufuata siku ya shughuli nyingi. La muhimu zaidi ni kula ukiwa umekaa, bila simu wala televisheni, na kuchukua angalau dakika 20, kwa sababu ishara za shibe huchelewa kufika kwenye ubongo na mtu aliyeshughulishwa na skrini huzikosa.

Usipige marufuku chakula unachokipenda. Kipangie siku na kiasi, ukile mezani kwa sahani, na ukiandike kama vingine.

Hatua ya tano: Ongeza kutembea kabla ya kuongeza kitu kingine

Anza hatua hii katika wiki ya pili, sambamba na marekebisho ya vinywaji. Acha simu ihesabu hatua zako kwa siku saba za kawaida, pata wastani, halafu ongeza hatua 1,000 hadi 2,000 kwa siku na ukae hapo wiki mbili kabla ya kuongeza tena. Lengo maarufu la hatua 10,000 lilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala si kizingiti cha kitabibu. Mtu anayetoka hatua 3,000 hadi 6,000 amepata faida kubwa tayari.

Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mazoezi ni ya wastani ikiwa unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ni makali ikiwa huwezi kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi. Dakika hizo si lazima zifanywe kwa mkupuo. Matembezi ya dakika 10 hadi 15 baada ya mlo husaidia kushusha sukari ya damu, na mara tatu kwa siku hukupa hadi dakika 45 bila kutafuta nafasi mpya katika ratiba. Mwenye kazi ya kukaa ainuke kila baada ya nusu saa hadi saa moja, hata kwa dakika mbili. Pokea simu ukiwa umesimama.

Mwenye maumivu ya magoti anaweza kuogelea au kuendesha baiskeli badala ya kutembea, na asianze kukimbia hadi uzito upungue na miguu izoee.

Hatua ya sita: Mazoezi ya nguvu, mara mbili kwa wiki

Hapa ndipo mipango mingi ya kupunguza uzito inapopungukiwa. Mtu anayepunguza chakula bila kuipa misuli kazi anaweza kupoteza takriban robo ya uzito wake unaopungua kutoka kwenye tishu zisizo za mafuta. Misuli hiyo ndiyo inayohifadhi sehemu kubwa ya sukari ya damu baada ya mlo, na ndiyo inayomwezesha mzee kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Ikipotea katika umri wa miaka 50, kuirudisha si kazi ndogo.

Huhitaji ukumbi wa mazoezi. Katika wiki ya nne, chagua siku mbili zisizofuatana na ufanye mazoezi matano: kuchuchumaa, kusukuma, kuvuta, kuinua kitu kutoka chini, na kukaza tumbo kwa kujiegemeza kwenye viwiko na vidole vya miguu. Anza na kuchuchumaa kwa kutumia kiti. Simama mbele ya kiti imara, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega na vidole vikielekea nje kidogo. Sukuma makalio nyuma kwanza, kisha kunja magoti ukishuka polepole kwa kuhesabu hadi tatu, magoti yakielekea upande wa vidole bila kuangukia ndani. Gusa kiti bila kujitupa, halafu inuka kwa kusukuma sakafu kwa unyayo mzima ukitoa pumzi. Ukiweza kurudia mara 12 bila kuhema sana, shika mzigo kifuani, mathalani mkoba wenye vitabu, na wiki zinavyokwenda uongeze uzito wake. Kusukuma kuanzie ukutani, kisha kwenye meza imara, kisha sakafuni. Kuvuta kunaweza kufanywa kwa mkanda wa mpira wa mazoezi uliofungwa mahali imara. Unapoinua kitu kutoka chini, pinda kwenye nyonga na uuache mgongo umenyooka.

Fanya mizunguko miwili au mitatu ya kila zoezi, mara 8 hadi 12 kwa mzunguko, ukipumzika dakika moja au mbili katikati. Marudio mawili ya mwisho yawe magumu kweli; yakiwa rahisi, misuli haina sababu ya kubaki. Maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baadaye ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo, ya kifua, au kizunguzungu ni amri ya kuacha papo hapo na kutafuta matibabu.

Baada ya mazoezi, usijilipe kwa chakula. Saa za mkononi na mashine za kukimbilia mara nyingi hukadiria kalori kupita ukweli, na anayekula kulingana na tarakimu hizo hufuta upungufu wote wa siku.

Hatua ya saba: Linda usingizi

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kwa usiku. Anapokosa usingizi, njaa huongezeka, hamu huelekea kwenye vitu vitamu na vya mafuta, na mwili unaopunguza uzito hupoteza misuli zaidi na mafuta kidogo. Weka simu mbali na kitanda na upange saa ya kulala kama unavyopanga saa ya kuamka. Anayefanya kazi za zamu za usiku abebe mlo wake kutoka nyumbani, ale mlo mkubwa kabla ya zamu, na aache kahawa saa sita kabla ya muda wake wa kulala. Msongo wa mawazo nao hupeleka watu wengi jikoni. Ikiwa daftari lako la siku saba lilionesha hivyo, tafuta njia nyingine ya kushughulika na saa hiyo ya siku, iwe ni kutembea, kuoga au kumpigia ndugu simu.

Hatua ya nane: Fuatilia, na ujue la kufanya mzani unapokwama

Jipime asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na ulinganishe wastani wa wiki na wastani wa wiki iliyotangulia. Uzito wa siku moja hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili kutokana na chumvi, maji, choo na, kwa wanawake, mzunguko wa hedhi. Pima kiuno kila baada ya wiki mbili, kwa sababu yupo ambaye mzani wake umesimama huku kiuno kikiendelea kupungua.

Wastani usipobadilika kwa wiki nne, rudi kwanza kwenye daftari kwa siku saba, kwa kuwa vipimo hulegea bila mtu kujua. Daftari likiwa safi, kokotoa upya. Mwanamke wa mfano wetu akifika kilo 76, kanuni ileile itampa takriban kalori 2,000 badala ya 2,110, na mwili hubana matumizi yake zaidi kidogo ya hapo. Sehemu ya upungufu wake wa awali imekwisha. Anaweza kupunguza kalori 100, au kuongeza dakika 20 za kutembea kwa siku, au kukaa wiki mbili kwenye kiasi cha kutunza uzito ili apumzike kabla ya kuendelea. Mimi humshauri aliyechoka achague la tatu.

Ikiwa umefuata haya kwa miezi sita na bado afya yako iko hatarini kwa sababu ya uzito, zungumza na daktari kuhusu dawa au upasuaji. Ni matibabu halali, na anayeyapata bado anahitaji protini na mazoezi ya nguvu, kwa sababu hata uzito unaopunguzwa kwa dawa kama semaglutide huondoka na sehemu ya misuli.

Hatua ya tisa: Kuhamia kwenye kutunza uzito

Ukifika kwenye lengo, usirudi kwenye ulaji wa zamani siku hiyo. Ongeza kalori 100 hadi 200 kwa siku, kaa hapo wiki moja, angalia wastani, kisha ongeza tena hadi uzito usimame. Wakati huohuo panua mazoezi yafikie dakika 200 hadi 300 kwa wiki, kwa kuwa kutunza uzito kunahitaji mwendo mwingi kuliko kuupunguza. Rena Wing na James Hill walianzisha mwaka 1994, nchini Marekani, sajili ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzilinda kwa mwaka mmoja au zaidi. Tabia zilizojitokeza sana miongoni mwao ni kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, kujipima mara kwa mara, na kula kwa utaratibu unaofanana siku za kazi na siku za mapumziko.

Andika uzito uliofikia na uweke mpaka wa kilo 2 juu yake. Wastani wa wiki ukivuka mpaka huo, anza siku hiyohiyo kuandika chakula kwa siku saba, rudisha kijiko cha kupimia mafuta, hakikisha siku mbili za mazoezi ya nguvu hazijarukwa, na uendelee hivyo hadi wastani urudi chini ya mpaka.